Dada ameniomba mayai yangu ili apate mtoto: nikubali?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Mombasa, nimeolewa na nina mtoto wa kiume wa miaka 3. Dada yangu mkubwa ana miaka 42 na hajajaliwa mtoto. Amefanya IVF (kutungisha mimba maabara) mara mbili Nairobi, zote hazikushika, na sasa ameambiwa mayai yake yamechoka, atafute mchangiaji. Ameniomba mimi. Mama anasema ndugu hanyimwi. Nampenda dada yangu, lakini naogopa. Bado nataka kuzaa wengine wawili. Mayai yangu hayatapungua? Mtoto akizaliwa atakuwa wa nani? Na nikikataa, nitakuwa nimemkosea?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na mwili wako, kwa sababu hapo majibu yako wazi, halafu tuingie kwenye mambo ya ukoo, ambayo ndiyo mazito.

Kuchangia mayai hakupunguzi akiba yako. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote hupevusha 400 au 500 tu. Mengine hufa yenyewe. Kila mwezi kundi la vifuko vidogo vya mayai huamka ndani ya ovari. Kimoja huvipita vingine, yai lake likapevuka, na vilivyobaki vikanyauka. Sindano za homoni huvilisha vile ambavyo vingenyauka mwezi huo. Vya mwezi ujao na vya mwaka ujao vimelala, wala dawa haiviamshi.

Kinachoweza kugusa uzazi wako ni ajali ya matibabu: maambukizi baada ya sindano ya kuvuna mayai, damu kuvuja ndani ya tumbo, au ovari iliyovimba kujisokota hadi ikahitaji upasuaji. Kila moja hutokea kwa chini ya mwanamke 1 kati ya 100. Hatari ni ndogo, lakini inakuangukia wewe ambaye huumwi chochote, na faida yote ya matibabu inakwenda kwa mwingine. Hapo ndipo maadili ya jambo hili yanapoanzia. Kliniki itakuwa na wagonjwa wawili, na anayelipa ni mmoja. Kwa hiyo omba tangu siku ya kwanza uwe na daktari ambaye kazi yake ni kukuangalia wewe, hata kama ni wa kliniki hiyohiyo, na faili lako liwe peke yake. Majibu yako ya vipimo ni yako. Dada hapaswi kuyasoma bila idhini yako, na shemeji vilevile.

Kuhusu vipimo, anzeni na cha bei nafuu ambacho kinaweza kumaliza mjadala mzima. Kabla ya mtu yeyote kulipia skani, wewe na shemeji yako mpimwe selimundu kwa damu. Pwani na kanda ya Ziwa Victoria wabebaji ni wengi, na mbebaji haumwi, kwa hiyo hajijui. Ukiwa mbebaji na shemeji naye ni mbebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, lakini gharama inapanda sana, na mara nyingi ni busara zaidi kutafuta mchangiaji mwingine.

Selimundu ikipita, yanafuata ya kawaida: VVU, homa ya ini B na C, kaswende, klamidia, kisonono, grupu ya damu, na maswali marefu kuhusu magonjwa ya ukoo. Kisha homoni ya AMH, inayoashiria akiba ya mayai, na skani ya kupitia ukeni inayohesabu vifuko vidogo katika ovari zote mbili. Majibu haya mawili yasome kwa makini. AMH ikizidi 3.4 (kwa nanogramu kwa mililita), au vifuko vikifika 24 na zaidi, utaambiwa una mayai mengi mazuri. Kwa dada yako ni habari njema. Kwako ni onyo kwamba ovari zako zinaweza kupokea dawa kwa pupa. Uliza wanakusudia kukuanzishia yuniti ngapi za sindano ya homoni kwa siku. Kwa mwanamke wa aina hiyo 150 inatosha; akitajiwa 300, aulize kwa nini, na asiondoke bila jibu linaloeleweka.

Kama unatumia sindano ya Depo kupanga uzazi, sema mapema, maana ovari huchukua miezi kuamka baada yake. Kitanzi mara nyingi huachwa mahali pake. Kama bado unanyonyesha, itabidi uache kwanza.

Sindano zenyewe huanza siku ya 2 au ya 3 ya hedhi na huendelea siku 8 hadi 14, kila jioni saa ileile. Unajichoma mwenyewe kwenye ngozi ya tumbo, vidole viwili kutoka kitovuni, leo kulia, kesho kushoto. Nyingi zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Mombasa zikae kwenye friji, sehemu ya chini, mbali na friza, na safarini zibebwe kwenye kikoba chenye barafu bila kugusana na barafu hiyo. Dawa ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa machoni. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 inaongezwa sindano ya pili inayozuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Skani ni kila baada ya siku 2 au 3, yaani safari nne hadi sita za kliniki kwa jumla. Kama kliniki ni ya Nairobi, panga kukaa huko wiki mbili. Usipange kwenda na kurudi.

Vifuko vitatu au zaidi vikifika milimita 17 au 18, unachomwa sindano ya mwisho ya kupevusha, na mayai yanavunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Hapa saa si ya kukadiria. Ukijichoma Jumatatu saa 3:30 usiku, unavunwa Jumatano saa 2:30 asubuhi. Ukichelewa sana mayai yanakuwa machanga siku ya kuvunwa. Ukiwahi sana yanaweza kuwa yameshatoka. Na liko kosa moja linalotupata sisi kwa lugha yetu: karatasi ya kliniki imeandikwa 9:30 kwa saa za Kizungu, muuguzi anakupigia anasema saa tatu na nusu, nawe usiku huo umechoka. Kosa la saa sita linamaliza wiki mbili za sindano. Andika saa hiyo kwa namna zote mbili kwenye karatasi, ibandike mlangoni pa friji, na mtu wa pili aikague.

Sindano hiyo ya mwisho ziko aina mbili, na hili ndilo jambo la kitabibu ambalo ningetaka ulishike kuliko yote. Ya kwanza ni ya homoni ya hCG, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa ikiendelea kuzisukuma ovari. Ya pili, kama vile triptorelini, huifanya tezi yako mwenyewe ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe wimbi la homoni ambalo hutulia upesi. Mwanamke anayetaka kubeba mimba mwezi huohuo, aina ya pili inaweza kudhoofisha ukuta wa mji wa mimba, ndiyo maana madaktari hufikiri mara mbili kabla ya kuitumia. Wewe hubebi mimba hiyo, kwa hiyo hupotezi kitu. Kwa mchangiaji aina ya pili karibu inaondoa kabisa ule ugonjwa wa ovari kusisimka kupita kiasi, ambao ndio unaowalaza wachangiaji hospitalini. Uliza kabla ya kusaini: sindano yangu ya mwisho itakuwa ipi? Kliniki inayompa mchangiaji kijana mwenye vifuko vingi hCG kwa mazoea tu haijamfikiria.

Dalili za ugonjwa huo ni tumbo kuvimba na kuuma, kutapika, mkojo kupungua, uzito kuongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku, na kukosa pumzi. Pumzi ikikatika usisubiri asubuhi. Uwe na namba ya simu inayopokelewa usiku, na kabla ya siku ya kwanza uwe umeshaijaribu kwa kuipiga.

Kuvuna huchukua dakika 15 hadi 30 chini ya dawa ya usingizi. Usile kwa saa 6 kabla. Sindano nyembamba hupitia ukutani mwa uke ikiongozwa na skani na kufyonza maji ya kila kifuko. Kwa umri wako mayai 10 hadi 20 ni kawaida. Utaamka na maumivu kama ya hedhi na matone ya damu. Usipande basi la usiku la Mombasa siku hiyo, lala Nairobi karibu na kliniki. Kwa wiki moja au mbili usibebe mzigo mzito wala kukimbia, maana ovari bado ni kubwa na zinaweza kujisokota, na mwanao wa miaka 3 asubiri kidogo kupakatwa. Tangu sindano zianze hadi hedhi inayofuata, usikutane na mumeo bila kinga. Sindano haivuni kila yai, na yaliyosalia yanaweza kukupa mimba ya pacha au zaidi wakati ovari zimevimba.

Kuhusu saratani za baadaye, tafiti hazijaonyesha ongezeko lililo wazi kwa wanawake waliotumia dawa hizi. Lakini nyingi zimefanywa kwa wanawake wenye shida ya uzazi, na wachangiaji wenyewe hawajafuatiliwa vya kutosha kwa miongo mingi. Daktari anayekuapia kwamba hakuna kabisa anasema zaidi ya anachokijua. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani unashauri mchangiaji asipite mizunguko 6 maishani. Wewe mweleze dada yako mapema kwamba unakubali mmoja tu, ili usije ukaanza kuombwa wa pili siku anayolia kwa sababu wa kwanza haukushika.

Haukushika, nimesema, kwa sababu hilo linawezekana. Nchini Uingereza, kwa mayai ya mchangiaji, zaidi ya viinitete 30 kati ya 100 vinavyopandikizwa huleta mtoto, na kwa mayai yake mwenyewe mwanamke wa miaka 43 au 44 ni kama 5. Tofauti ni kubwa, lakini bado mara nyingi jibu ni hapana. Na dada naye ana hatari zake: mimba ya yai la mtu mwingine huleta presha ya mimba mara nyingi zaidi, na umri wa 42 unaongeza. Apimwe presha, sukari na moyo kabla wewe hujachomwa sindano hata moja, na kipandikizwe kiinitete kimoja kwa wakati. Hakuna maana ya mwili wako kutumika kabla ya kujua kwamba wake unaweza kubeba.

Sasa mtoto ni wa nani. Hospitali huandika taarifa ya kuzaliwa kwa jina la mwanamke aliyejifungua, na huyo atakuwa dada yako. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inayo sehemu inayozungumzia viungo, tishu, damu na mbegu za uzazi, na inataka kazi hii ifanyike katika kituo kilichoidhinishwa. Maswali ya nani ana haki gani juu ya mtoto wa yai la mchangiaji yamewekwa kwenye muswada wa uzazi wa kusaidiwa ambao mbunge Millie Odhiambo ameupeleka bungeni zaidi ya mara moja. Muulizeni wakili muswada huo uko wapi siku mnayosaini, na muandike makubaliano yenu wenyewe. Humo iwepo kwamba mayai ni ya dada tu, hayapewi mtu mwingine wala maabara ya utafiti. Kwamba huna dai wala wajibu wa malezi. Nani analipa ukilazwa, na kwa muda gani baada ya kuvunwa. Nauli, siku za kazi na mtu wa kukulelea mwanao. Viinitete vitakavyobaki kwenye barafu vinaamuliwa na nani ikiwa dada na shemeji wataachana, au mmoja akifariki? Hilo halisemwi mezani kwa sababu linaonekana kama kisirani, kisha linakuja kuivunja familia. Na andikeni mwisho wa haki yako ya kubadili nia. Uingereza unaweza kuondoa ridhaa hadi kiinitete kinapowekwa tumboni, nami nauona mpaka huo kuwa wa haki.

Karatasi zimekwisha, ibaki damu. Kiswahili kimeshakupa jina: mtoto huyo atakuita mama mdogo, kama wanavyoitwa dada zake mama wote. Jina hilo litawatosha kwa salamu. Halitawatosha kwa ukweli wa nasaba, kwa sababu mtoto wa dada na mwanao watakuwa ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Na huku Pwani watoto wa ndugu huoana, tena familia nyingi hupenda iwe hivyo. Fikiria miaka 22 mbele: dada kazaa binti, mama yenu au shangazi anasema hawa wawili wanapendana, tuwaoze, mali isitoke nje. Walioijua siri ni watu wanne na wawili wameshafariki. Hilo si jambo la kubuni kwa kutisha, ndiyo njia iliyo wazi kabisa ambayo siri ya aina hii inaweza kudhuru watu wasio na kosa. Kwa hiyo sharti ambalo mimi ningeliweka juu ya mengine yote ni kwamba mtoto aambiwe, na mwanao pia aambiwe, mapema. Utafiti uliofanywa na Susan Golombok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliofuata familia hizi tangu watoto wakiwa wachanga hadi umri wa miaka 20, ulionyesha kwamba walioambiwa kabla ya miaka 7 walikuwa na uhusiano mzuri zaidi na mama zao. Katika umri huo inatosha kusema: yai la mama lilikuwa limechoka, mama mdogo akampa lake. Dada akikujibu kwamba hatasema kamwe, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kukataa. Tena siri haina ulinzi siku hizi: kipimo cha mate cha asili ya ukoo huagizwa kwa posta, na majibu yake hayaulizi ruhusa ya mtu.

Hukutaja dini yako, lakini lazima niliseme. Wanazuoni wa Kisuni kwa wingi wao hawaruhusu yai la mtu wa tatu. Fatwa ya Sheikh Jad al-Haqq ya Misri ya mwaka 1980 iliruhusu IVF kati ya mume na mke tu, na kwa kulinda nasaba. Kwenu kuna la ziada, maana mbegu ni ya shemeji yako, na mume haruhusiwi kuwaoa dada wawili kwa wakati mmoja. Kwa Washia, Ayatollah Khamenei aliruhusu mchango wa mayai kwa masharti mwaka 1999. Kanisa Katoliki limeukataa katika waraka wa Donum Vitae wa 1987. Ulizeni wote kwa pamoja, ninyi na waume zenu, kabla ya kuanza. Akija mtu kuuliza hukumu mimba ikiwa na miezi mitano, anayebeba uzito wa jibu ni mtoto.

Nikija kwenye swali lako la mwisho: hapana, hutakuwa umemkosea. Mama yenu anaposema ndugu hanyimwi, anazungumzia chakula, nyumba, pesa ya hospitali. Yai ni kitu kingine, kwa sababu baada ya kutolewa halirudishwi wala halilipwi. Wengine wanaogopa wachangiaji wanaonunuliwa na mawakala, na wana haki. Fukara anaposhawishiwa kwa pesa, ridhaa yake ni ya mashaka. Lakini deni la undugu nalo hushawishi, tena kimyakimya, na hakuna risiti. Omba kikao na mshauri nasaha bila dada, bila mama, na bila mumeo pia, kisha kingine pamoja na mumeo. Hapo useme unachokihisi kweli. Ukiona huwezi, kliniki yenye heshima inaweza kumwambia dada yako kwamba hukuchaguliwa, bila kutaja sababu, kwa kuwa sababu ni siri ya mgonjwa. Hiyo si kusema uongo, ndiyo kanuni ya faili. Lakini ukiweza kumwambia mwenyewe, mwambie: "Dada, nitakuwa nawe katika kila safari ya kliniki, lakini yai langu sitaweza kulitoa." Nenda na mumeo, si kwa simu, na mama asiwepo.

Na ukikubali, kubali kwa muda wa kufikiri uliotimia, miezi miwili au mitatu, vipimo vikiwa mkononi. Ukikataa, sema mapema. Dada ana miaka 42, na mchangiaji mwingine au mayai yaliyogandishwa huhitaji miezi kadhaa ya kutafuta, kupima na kupanga. Muda unaomcheleweshea kwa kuogopa kumwambia ndio pekee unaoweza kumdhuru.